Lori linapimwa, mkulima hapimiwi

Kampuni nyingi za chakula zimegundua kwamba sura ya mkulima inauza. Geuza pakiti ya kripsi, chupa ya tomato sosi au mfuko wa unga wa lishe, utamkuta mama kavaa kitenge, kashika kapu, anatabasamu, na chini yake maandishi ya kwamba malighafi zimetoka kwa wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini na zimenunuliwa kwa haki. Mimi naishi Mbeya. Huyo mama kwangu ni shangazi, ni jirani, ni mtu ninayebanana naye kwenye Noah ya kwenda Isyonje. Kwa hiyo nikisoma hiyo "haki" huwa nina swali moja tu kwa kampuni: mlimpimia?

Kiwandani swali hilo lina jibu la haraka. Lori linaingia, linapanda mizani, mzigo unaandikwa kwa kilo na muuzaji analipwa kwa kilo. Mkaguzi akija leo atakuta karatasi zote zimekaa sawa. Tatizo ni kwamba muuzaji anayelipwa pale getini mara nyingi ni dalali, na dalali hakununua kilo. Kanunua gunia. Na gunia la viazi la huku kwetu tunalijua wote: linajazwa mpaka mdomoni, linaongezewa kipande cha gunia jingine, linashindiliwa, kisha linafungwa kamba juu kama kilemba. Ndiyo lumbesa hiyo.

Sheria haina utata hapa. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanalisema hilo mwaka hadi mwaka, wanakamata, wanatoza faini, na lumbesa ipo. Tuchukue hesabu ya mfano. Mkulima kauza magunia 10 kwa Sh 70,000 kila moja. Kichwani mwake kauza kilo 1,000 kwa Sh 700 kilo. Kumbe kila gunia lina kilo 140, kwa hiyo kauza kilo 1,400 kwa Sh 500. Kiwanda kinamlipa dalali Sh 800 kwa kilo, jumla Sh 1,120,000. Mkulima kaondoka na 700,000. Sisemi tofauti yote ni wizi, maana humo ndani kuna usafiri, ushuru, vibarua, na viazi vinavyooza njiani. Ila kilo 400 zimeondoka shambani bila mwenyewe kujua kwamba zimeondoka, na kampuni imezipokea, imezilipia kwa mtu mwingine, ikaandika kwamba inanunua kwa haki. Yule kijana anayebeba kilo 140 mgongoni kutoka shambani hadi barabarani, kwenye matope ya Machi, hata sijamtaja.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nchi hii inajua sana kupima. Lori hilohilo likishika barabara kuu kwenda Dar es Salaam litapimwa Makambako, litapimwa tena Wenda pale Iringa, ekseli kwa ekseli, na likizidisha linalipa. Lami ina mtu wa kuitetea. Viazi vilivyo juu ya lori hilo havijawahi kuona mizani mbele ya aliyevilima.

Ukiwauliza watu wa manunuzi wa kampuni, jibu lao ni kwamba wao hawafungi lumbesa. Ni kweli, hawafungi. Lakini kampuni inayomkagua dalali kwa ukubwa wa kiazi, kwa kiwango cha maji na kwa rangi kikishakaangwa, ikarudisha lori zima kwa sababu ya madoa, haiwezi kuniambia kwamba karatasi ya mizani ya shambani ndiyo imeishinda. Inakagua inachokijali. Na si viazi peke yake: Ilula, mkoani Iringa, nyanya zinauzwa kwa tenga, na ukubwa wa tenga anaujua mwenye tenga, ambaye siye mkulima.

Sasa, kuna wanaofikiri dawa ni kumfukuza dalali. Hapo tunapishana. Dalali anafika mahali ambapo gari la kampuni haliendi. Anajua barabara ipi inapitika masika, anajua nani kachimba na nani bado, na kubwa kuliko yote, anakuja na fedha mkononi. Kampuni inakuja na fomu. Inataka akaunti ya benki, inataka kikundi kilichosajiliwa, halafu inalipa baada ya siku 30, pengine 60. Mkulima wa viazi mwenye mtoto anayesubiri nauli ya kwenda shule mwezi wa kwanza hasubiri siku 60. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imempunguzia bei ya mfuko, lakini mfuko wenyewe bado unanunuliwa kwa fedha taslimu, na mvua haingoji hundi. Basi anauza kwa lumbesa akiwa na akili zake timamu, kwa sababu fedha pungufu ya leo inamfaa kuliko fedha kamili ya mwezi wa tatu. Kampuni inayochelewesha malipo ndiyo inayompa dalali nguvu ya kufunga kilemba chake. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye sera zao za manunuzi ningeanza na tarehe ya malipo, kabla hata ya bei.

Na mtu asiniambie kupima kijijini hakuwezekani. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe, Mufindi na Njombe wamezoea mizani miaka mingi: majani mabichi yanapimwa kituoni, kilo zinaandikwa, kila mtu na karatasi yake. Wana malalamiko yao, na mengi yanahusu bei na malipo kuchelewa, lakini kilo zake anazijua. Akidai, anadai kwa tarakimu.

Jambo hili linamgusa hata asiyejali mkulima kalipwa nini. Kampuni isiyojua gunia lilifungwa na nani haijui pia ndani mna nini. Mfuko ulioandikwa mchele wa Kyela unaweza kuwa na SARO 5 ya Mbarali ndani yake, mchele mzuri tu wenye mavuno mengi, ila si ule wa harufu uliolipia. Hilo ni la mfukoni. Kwenye unga wa lishe kuna la uhai: mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoongoza kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Siku kiwanda kikikuta shehena yenye sumukuvu kitataka kurudi hadi kwenye ghala ilikotoka. Kitarudije, wakati njia inaishia kwenye namba ya simu ya dalali?

Ninachodai ni kidogo. Kampuni isipokee mzigo usio na karatasi ya mizani ya shambani, yenye jina la kijiji, kilo na kiasi alicholipwa mkulima. Bei ya kilo ibandikwe ofisi ya kijiji kila wiki ya msimu. Dalali abaki, alipwe kamisheni inayojulikana, naye apewe fedha za kununulia mapema ili asikope kwa riba halafu aifidie kwenye gunia.

Najua hoja itakayorudi: dalali akilazimishwa kupima, atashusha bei ya kilo mpaka arudishe kilekile alichokuwa anakipata. Inawezekana, hasa msimu wa kwanza. Lakini leo mkulima hana hata namna ya kulinganisha, maana gunia la huyu si gunia la yule, na anayetaja bei kubwa ndiye pengine mwenye kilemba kirefu zaidi. Kukiwa na mizani, huyu akisema 500 na yule akasema 540, mama wa Isyonje hahitaji semina wala kikundi ili ajue amuuzie nani.