Tom Bombadil mi nimesamehe, ila Faramir hapana

Kila ikitangazwa muvi mpya inayotoka kwenye kitabu cha fantasia, hata trela bado, watu washashikana mashati. Hawa wanasema ukigusa hata rangi ya nywele za mhusika umeharibu kitabu, wale wanasema muvi ni muvi na kitabu ni kitabu, anayetaka kitabu akasome. Nimekaa ndani ya huu ubishi miaka mingi sana, nimewahi kuwa yule mtu wa kuhesabu sini zilizokatwa moja moja na kumharibia aliyekaa pembeni yangu raha yote ya kuangalia, na nilipofika sasa naona wote tunabishania hesabu. Hiki kimekatwa, hiki kimeongezwa, huyu kahamishwa, jumla makosa arobaini. Kwani kitabu ni ghala, kwamba tukague kama mzigo umefika wote?

Swali langu siku hizi ni moja. Hicho kilichobadilishwa kilikuwa kimebeba nini?

Chukua The Lord of the Rings ya Peter Jackson, zile muvi tatu za 2001, 2002 na 2003, maana huko ndo ubishi unapoiva. Malalamiko maarufu kuliko yote ni Tom Bombadil, yule mzee wa msituni anayeimba imba, mwenye viatu vya njano, ambaye Pete, ile pete ya uovu inayomvuta kila mtu na kumficha machoni anayeivaa, haimfanyi kitu chochote, anaivaa na wala hapotei machoni. Kakatwa mzima mzima. Na mi nampenda Bombadil jamani, ni mojawapo ya vitu vya ajabu kabisa kwenye kile kitabu, lakini muvi ndo kwanza inajitahidi kumtia mtazamaji hofu ya Pete, afu saa moja haijaisha unamleta mtu anaichezea kama kishikio cha funguo? Hofu yote inamwagika. Kwenye kitabu una kurasa za kutosha kuijenga upya, kwenye muvi huna. Kwahiyo kumkata naelewa na nishasamehe.

Ila hata hapo kuna kitu kilichobebwa ambacho watu hawakioni mpaka mbele sana. Kwenye kitabu Bombadil ndo anawatoa wale mahobiti wanne, wale watu wafupi wenye safari ya Pete, kwenye kaburi la kale walikonaswa na anawapa visu vya zamani vilivyokuwa humo, na kisu cha Merry kilitengenezwa zamani hizo na watu waliokuwa wanapigana na ufalme wa Mfalme Mchawi, mtumishi wa kutisha kuliko wote wa adui aliyeitengeneza Pete. Sasa miezi kadhaa baadaye, vitani, Merry anamchoma huyo Mfalme Mchawi nyuma ya goti na inakuwa ndo mwanzo wa mwisho wake, na kitabu kinakwambia kabisa kwamba hakuna upanga mwingine ungemuumiza vile, hata ushikwe na mkono wenye nguvu zaidi. Yaani yule fundi aliyekufa karne nyingi nyuma ndo kamaliza kazi yake siku ile. Kwenye muvi Aragorn, anayewaongoza, anawagawia tu silaha njiani, na Merry akichoma, anachoma. Inasisimua, sibishi, lakini ile kazi ya yule fundi haipo. Ukivuta uzi mmoja mwanzoni unashangaa shati linafumuka mgongoni.

Sasa Faramir.

Watu wengi hudhani anayelalamika kuhusu Faramir ni msomaji aliyekuja na kitabu chake kwapani. Mimi muvi niliiona kwanza. Nikamuona huyu ndugu yake Boromir, yule aliyejaribu kumnyang'anya Frodo Pete, anawakamata mahobiti Frodo na Sam, anajua wamebeba Pete, anawaburuta mpaka Osgiliath, mji wa magofu, ili ampelekee baba yake, afu mwishoni anageuza moyo anawaachia. Nikaona sawa, mtu dhaifu aliyejitahidi. Miezi baadaye nikasoma kitabu nikafika ile sehemu, na nilisimama kusoma, nikarudi nyuma nikaanza tena ukurasa, kwa sababu huyu alikuwa mtu mwingine kabisa. Faramir wa kitabu, kabla hata hajajua kilichobebwa ni nini, anasema hicho kitu hata angekikuta kimelala barabarani asingekiokota. Baadaye Sam mdomo unamteleza, siri inatoka, Faramir anasimama wima macho yanang'aa, wale wawili wanaruka wanaegemeza migongo ukutani wanapapasa panga zao, na wewe msomaji unajua yaleyale ya Boromir yanaanza upya. Anakaa chini. Anacheka taratibu. Anawaambia nilishatamka, na hata ningekuwa mtu wa kukitamani hiki kitu ningeyachukua yale maneno kama kiapo yakanifunga. Anawapa chakula na fimbo za safari, anawaacha waende.

Mtu alisema neno wakati halijamgharimu chochote, afu likaja kumgharimu kila kitu, na akalishika. Hicho ndo kilichobebwa pale. Kitabu kizima kimejaa watu wanaoshindwa na ile Pete au wanaoikimbia kwa hofu, na hapa kuna mtu mmoja wa kawaida, sio mchawi wala malkia wa miaka elfu, yuko porini na askari wake wachache, Pete ipo mikononi mwake na anaiacha kwa sababu alishasema.

Waandishi wa muvi walijieleza, na nataka niwatendee haki. Walisema tumetumia muda wote kumuonyesha mtazamaji kwamba Pete inamvuta kila mtu, ghafla atokee mtu asiyevutika, basi nguvu yote ya Pete inakufa. Tena yule buibui mkubwa, Shelob, walishamhamishia muvi ya tatu, kwahiyo safari ya Frodo na Sam kwenye muvi ya pili ikabaki haina kilele, walihitaji hatari. Hiyo sababu ya pili naikubali, ni tatizo la kweli la ufundi. Ya kwanza siikubali hata kidogo, kwa sababu muvi yao wenyewe, ile ya kwanza, imeshaonyesha yule mchawi Gandalf anakataa kuishika kwa kuogopa, Galadriel, yule wa miaka elfu, anajaribiwa anashinda, Aragorn anakifumba kiganja cha Frodo juu yake na kumwachia aende. Nguvu ya Pete ilikufa? Haikufa, iliongezeka! Mtu akikataa kitu huku unaona jasho linamtoka, ndo unajua hicho kitu kina uzito gani. Wangeweza kumuonyesha Faramir anatetemeka afu anakaa chini, dakika mbili tu zingetosha.

Ile muvi ya tatu ilibeba tuzo 11 za Oscar, kila ilichoteuliwa ilichukua, na mtu akiniambia basi wewe nani wa kubisha, namwambia mi nazipenda hizi muvi kuliko watu wengi ninaowajua. Naumia na Faramir kwa sababu vilivyobaki vilifanywa kwa upendo mkubwa kiasi kile.

Mfano mwingine mdogo kwa dakika ila unaniumiza vilevile ni kifo cha Voldemort, yule mchawi mwovu, kwenye muvi ya mwisho ya Harry Potter, ya 2011. Kwenye muvi anapasuka vipande vipande kama karatasi iliyoungua, vinapepea angani, wako wawili tu uwanjani. Picha nzuri sana. Kwenye kitabu anaanguka sakafuni, ndani ya ukumbi, mbele ya watu wote, na anabaki mwili tu, kama mwili wa mtu yeyote. Wanaubeba wanauweka chumba cha pembeni. Huyu ni mtu aliyeua na kuipasua roho yake mwenyewe ili asiwe kama binadamu wengine, asife, na vitabu saba vinakwisha kwa kumuonyesha kalala chini kama binadamu wengine, kila aliyekuwa anaogopa kutaja jina lake anaweza kwenda kuangalia. Muvi ikampa kifo cha kimiujiza, kifo ambacho yeye mwenyewe angekipenda. Hapo hakuna sini iliyokatwa, mtu wa kuhesabu hatakuta kosa, Voldemort kafa kitabuni na kafa kwenye muvi, vema. Na kilichobebwa kimemwagika chote.

Na hili halijaanza na sisi. The Wizard of Oz, kitabu ni cha 1900, muvi ni ya 1939. Watu hupenda kusimulia kwamba viatu vya fedha vya Dorothy, yule msichana wa hadithi, vilifanywa vyekundu kwa sababu vingeng'aa zaidi kwenye rangi za Technicolor, na mi nasema hayo wala hayana neno, rangi ya viatu haikubeba chochote. Ila mwisho je? Kwenye muvi Dorothy anaamka kitandani, alikuwa anaota, wale marafiki zake wote kumbe ni wafanyakazi wa shambani. Kwenye kitabu anarudi nyumbani anakuta mjomba wake ameshajenga nyumba mpya, kwa sababu ile ya zamani ilipeperushwa kweli, na shangazi anapomuuliza umetoka wapi anajibu ametoka nchi ya Oz. Sasa mtoto aliyesoma hicho kitabu anaambiwa uliyoyaona ni kweli yalitokea, na mtoto aliyeangalia ile muvi anaambiwa ulikuwa unaota, pole. Muvi imependwa vizazi na vizazi na ina haki ya kupendwa. Lakini hiyo nyumba mpya, sentensi moja tu ya kitabu, ilikuwa na uzito kuliko viatu vyote.

Kinyume chake kuna Howl's Moving Castle. Kitabu cha Diana Wynne Jones cha 1986, muvi ya Hayao Miyazaki ya 2004. Ukileta daftari la kuhesabu hapa utajaza kurasa, vita imefanywa kubwa mno, asili ya Howl mwenyewe, yule mchawi, imetolewa, nusu ya pili inaenda njia yake kabisa. Na mwandishi alikuwa hai, akaiona, akaisifu. Mi naona ni kwa sababu Sophie kabaki, yule msichana aliyejikatia tamaa, anarogwa anakuwa bibi kizee, na ndani ya huo uzee ndo anapata mdomo wa kusema anachotaka. Ukimwacha huyo, mengine yahamishe unavyoweza.

Afu kuna hili la rangi za watu ambalo linawasha moto kuliko yote, na naona kipimo kilekile kinafanya kazi. Ursula K. Le Guin alipoandika Earthsea, kitabu cha kwanza 1968, alimfanya shujaa wake Ged kuwa mtu wa rangi ya kahawia yenye wekundu, rafiki yake Vetch mweusi, na weupe wakawa watu wa visiwa vya pembeni wanaokuja kuvamia. Alifanya makusudi, kwa sababu alichoka kuona mashujaa wa hizi hadithi wote ni weupe bila hata mtu kuuliza. Mwaka 2004 ikatoka siriz fupi ya televisheni, Ged kawa kijana mweupe, na Le Guin akaandika hadharani akilalamika, kwamba hata kwenye maamuzi alishawekwa pembeni. Hapo rangi ilikuwa imebeba kitu, mwandishi aliiweka ibebe. Sasa linganisha na mtu anayepiga kelele mwezi mzima kwa sababu mhusika ambaye kitabu hakina habari na ngozi yake, hakuna tukio hata moja linaloitegemea, kapewa muigizaji wa rangi nyingine. Mtu huyohuyo ukimuuliza kuhusu Ged anakwambia ni mambo madogo. Mi nikishaona hivo najua hatuzungumzii kitabu tena.

Kuongeza nako ni kubadilisha, nisisahau. The Hobbit ni kitabu kimoja, cha watoto, kikafanywa muvi tatu, 2012 hadi 2014, na safari ya hobiti mmoja aliyetoka nje ya mlango wake ikafunikwa na vita mpaka mwenye safari anapotea kwenye muvi yake. Wala sihitaji kusema mengi, aliyeiona ya tatu anajua Bilbo anakaa dakika ngapi bila kuonekana.

Dada yangu ndo mpinzani wangu wa siku zote kwenye haya mambo. Hajasoma kitabu na hana mpango, na sipendi kabisa wanaomwambia mtu kama yeye anyamaze kwa kuwa hajasoma, maana yeye anaona kwenye hizo muvi vitu ambavyo mimi nilipitiliza nikiwa busy kukagua. Mwaka huu tumeziangalia tena zote tatu, na tulipofika Osgiliath nikaanza wimbo wangu wa Faramir. Akanisikiliza mpaka mwisho, afu akaniambia mdogo wangu hebu subiri. Ikaja ile hotuba ya Sam, kuhusu zile hadithi kubwa ambazo watu wake walikuwa na nafasi nyingi za kurudi nyuma na hawakurudi. Kwenye kitabu mazungumzo yanayofanana na hayo yapo kwenye ngazi za Cirith Ungol, njia ya mlimani ya kuingilia nchi ya adui, Frodo na Sam wawili tu, kwa utulivu. Kwenye muvi yamewekwa Osgiliath, kwenye vumbi na magofu, na Faramir amesimama pembeni anasikia, na ni baada ya hapo anawaachia.

Akaniuliza, hii ungeitoa?

Nilikuwa nalia, nalia kila mara pale, na anajua. Nikamwambia hotuba ibaki na Faramir nirudishiwe. Akasema huwezi kupata vyote viwili, kumfanya Faramir awe pale ndo kunampa Sam mtu wa kumbadilisha. Hiyo hoja sijaipatia jibu. Bado namtaka Faramir wangu.