Tangi la Kigari cha Nitro: Liacheni Ukubwa Wake, Zibeni Pale Linapovuja

Nikikaa na wenzangu tunaopenda vigari vya rimoti vinavyotumia mafuta ya nitro, mazungumzo hayakawii kufika kwenye tangi, na swali huwa karibu lile lile: lifanyweje ili lichukue mafuta mengi zaidi? Mimi naona swali hilo linaanzia mahali pasipostahili. Matangi mengi niliyoyashika hayakuwa na upungufu wa nafasi hata kidogo. Yalikuwa yakivuja hewa, na mwenyewe hana habari.

Kigari cha aina hii kwa kawaida hakina pampu ya mafuta. Kwenye bomba la ekzosi kuna kichirizi chembamba, na kutoka hapo mpira wa silikoni hupeleka sehemu ya moshi hadi juu ya tangi, ili mgandamizo wake uyasukume mafuta kuelekea kwenye kabureta. Kwa hiyo tangi ni sehemu ya mfumo wa kulisha injini, si ndoo ya kuwekea akiba. Mfuniko ukishindwa kubana, mgandamizo hupungua, mafuta yanayofika ni machache, na injini huanza kuvuta hewa nyingi kuliko inavyostahili. Ubaya ni kwamba oili inayolainisha pistoni na mkono wake imo humo humo ndani ya mafuta, pamoja na methanoli na nitromethani, hivyo injini inayonyimwa mafuta hunyimwa na ulainisho, joto likapanda kupita nyuzi 120 za Selsiasi. Wengi hukimbilia bisibisi na kufungua skrubu ya kabureta ili mafuta yaongezeke. Injini hutulia kwa dakika chache, kisha mfuniko unapoamua kubana vizuri, injini hiyo hiyo hufurika na kuzimika, na fundi wetu huirudia skrubu kwa upande wa pili. Nimewahi kupoteza Jumamosi nzima kwa mchezo huo.

Sasa tuje kwenye kupanua. Kwa bagi, yaani kigari cha kukimbilia kwenye njia za vumbi na matuta, ya kipimo cha 1:8 (moja ya nane ya gari halisi), yenye injini ya sentimita za ujazo 3.5, kanuni za IFMAR, shirikisho la kimataifa la mashindano ya vigari vya mfano, zinaruhusu sentimita za ujazo 125 za mafuta, na hesabu hiyo inajumuisha mpira na filta hadi kwenye kabureta. Ujazo huo wa mafuta una uzito wa takribani gramu 110, nao huning'inia upande mmoja wa fremu na kupungua kadiri kigari kinavyokimbia. Ukiongeza nusu ya ujazo huo, umeongeza zaidi ya gramu 50 zinazochezacheza kila kona, halafu ukaambiwa kwenye ukaguzi kwamba huruhusiwi kushindana. Fainali ya ubingwa wa dunia wa bagi huchukua saa nzima, kwa hiyo kusimama na kujaza ni sehemu ya ufundi wa timu, kama alivyo dereva mwenyewe. Na kwa anayecheza uwanjani kwake bila mashindano, kuna tabu gani kuinama na kujaza tena?

Nasema hivi kwa sababu nilishafanya kosa hilo. Niliyakata matangi mawili na kuyaunganisha kwa gundi ya kawaida, kazi ambayo nje ilipendeza machoni. Nitromethani haikuona haya: gundi ililegea, na mafuta yakachuruzika hadi kwenye kisanduku cha betri na risiva, kifaa kinachopokea amri za rimoti. Nilibahatika kuona mapema, kwani mwali wa methanoli mchana wa jua hauonekani kirahisi, na kigari kinaweza kuungua mbele yako huku ukidhani ni joto tu linalotetemesha hewa. Anayefikiria kuyeyusha plastiki ya tangi lililowahi kuwekwa mafuta, kwa chuma cha moto, namwomba aiache kabisa fikra hiyo.

Mabadiliko ninayoyaunga mkono ni madogo, wala hayavutii kupigwa picha. Oringi ya mfuniko, yaani pete ya mpira inayouziba, ibadilishwe kabla haijapasuka, na springi iliyolegea ipate nyingine yenye nguvu. Ndani ya tangi, filta ndogo mwishoni mwa mpira wa kufyonza husaidia kuzuia mapovu yasiingie kwenye kabureta, na ncha yake ikae mahali penye kina, ambapo mafuta ya mwisho hukusanyika. Mapovu yenyewe mara nyingi huletwa na mtetemo, kwa hiyo tangi lifungwe juu ya vipira laini, lisibanwe moja kwa moja kwenye chuma cha fremu. Wapo wanaolipandisha juu wakidhani mafuta yatashuka kwa urahisi zaidi. Kweli yatashuka, hata injini ikiwa imezimwa, na ukija kuwasha utakuta pistoni imegoma kwa sababu silinda imejaa kimiminika.

Kabla ya yote hayo, litoe tangi, limwage kabisa, lioshe na kulikausha, kisha funga mfuniko na uzibe tundu la kutolea mafuta. Pampu ndogo iunganishwe kwenye mpira wa mgandamizo. Usitumie mdomo, maana methanoli ni sumu. Lizamishe tangi kwenye beseni la maji na usukume hewa taratibu. Kwangu vipovu vilitoka kwenye bawaba ya mfuniko, mahali ambapo sikuwa nimepatazama hata mara moja, na baada ya kubadilisha oringi nililazimika kuirudisha skrubu ya kabureta karibu na pale ilipokuwa siku nilipokitoa kigari kwenye boksi.