Askari Lazima Aweze Kukataa

Kuruti hufundishwa kutii kabla ya kufundishwa kulenga shabaha, na baada ya miaka yangu jeshini sina ugomvi na hilo hata kidogo. Anaamshwa usiku wa manane, anaambiwa avuruge kitanda alichokwisha kutandika akitandike upya, na jibu lake ni moja tu: "Ndiyo, afande." Aliye nje huona ni uonevu. Aliyewahi kuwa mahali ambapo mwenzako anaweza kufa kwa sababu wewe ulisita anajua utii ule ulikuwa wa nini.

Ila utii huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni sheria. Hapo ndipo majeshi mengi hulegea. Bunduki tulifundishwa mpaka tukaweza kuifungua na kuifunga gizani, kwa vidole tu. Somo la sheria za vita lilikuja baada ya chakula cha mchana, watu wamechoka, vichwa vinayumba kwa usingizi, huku mkufunzi akisoma kwenye karatasi: aliyejisalimisha hapigwi, majeruhi hapigwi, hospitali haishambuliwi. Akimaliza, tunarudi kwenye kwata. Sijui ni nani aliyeamua kwamba sheria ndiyo ya kusomwa wakati wa kusinzia, lakini uamuzi huo una gharama.

Juni 1918 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya hospitali iitwayo Llandovery Castle, kisha ikawafyatulia risasi waliokuwa kwenye mashua za kuokolea maisha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1921, mahakama ya Leipzig, Ujerumani, iliwahukumu maofisa wawili wa nyambizi hiyo kifungo cha miaka 4 kila mmoja. Kamanda wao hakupatikana. Wale wawili walijitetea kwamba walikuwa chini ya amri yake, na majaji wa Kijerumani, wakiwahukumu Wajerumani wenzao, wakasema hapana: kila baharia anajua kwamba watu wasio na silaha ndani ya mashua hawauawi. Ilikuwa robo karne kabla ya Nuremberg, walikohukumiwa viongozi wa Kinazi. Leo Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unasema hivyohivyo katika kifungu cha 33: amri ya mkubwa haikuokoi ikiwa uharamu wake uko wazi, na uharamu wa amri ya kufanya mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu huhesabiwa siku zote kuwa wazi.

Kuyaandika hayo ni rahisi. Kuyatenda ni kazi ya mtu mmoja, mara nyingi kijana, mara nyingi akiwa peke yake. Mfano ninaourudia kila mara ni wa Hugh Thompson, rubani wa helikopta wa Marekani. Tarehe 16 Machi 1968, akiwa angani juu ya kijiji cha My Lai huko Vietnam, aliona wanajeshi wa nchi yake wakiua wanakijiji. Akatua kati ya wanajeshi hao na raia waliokuwa wakikimbia, akawaambia wenzake wawili wa helikopta kwamba wale askari wakiwapiga raia, nao wawapige askari. Raia wale wakatolewa salama. Nchi yake ilimpa nishani ya maana kwa ushujaa huo mwaka 1998, miaka 30 baadaye, na kabla ya hapo wengi walimwona msaliti. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana siwezi kukaa kimya ninapoona vita vinakoelekea. Ndege zisizo na rubani tumeshazizoea. Anayebonyeza kitufe anaweza kuwa mbali sana, lakini bado ni mtu, na bado anaweza kuondoa mkono. Sasa zinatengenezwa silaha zinazotafuta shabaha na kuipiga zenyewe, bila mtu kuthibitisha shabaha ile. Tangu 2014 wawakilishi wa nchi wamekuwa wakikutana Geneva kuzijadili, na hakuna mkataba mahsusi uliokwisha kupatikana. Wanaozitetea husema mashine haichoki, haina hasira, hailipizi kisasi. Ni kweli, na nimewaona watu wenye hasira wakishika silaha. Sidharau hoja hiyo.

Lakini sheria yote niliyoitaja hapo juu imesimama juu ya mtu anayeweza kusema "hapana, afande". Mashine haiwezi kutua katikati ya wauaji na wanaouawa. Ikipewa shabaha, inatekeleza, na ikikosea, kamanda atasema hakuchagua yeye shabaha ile, na fundi atasema hakuwa vitani.

Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, katika kifungu cha 36 inaitaka kila nchi iliyoiridhia ichunguze kama silaha mpya inakubaliana na sheria kabla ya kuanza kuitumia. Ningependa uchunguzi huo uanze na swali moja: silaha hii ikiua watoto, ni ofisa gani, kwa cheo na kwa jina, atakayesimama kizimbani? Nchi isiyoweza kulijibu swali hilo isiinunue. Na kuruti wasomewe sheria za vita asubuhi, wakiwa macho, kisha watahiniwe kama wanavyotahiniwa kulenga shabaha.