Hakukuwa na Sangara Chooni

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi kuhusu kisa changu na choo cha mashua: hakukuwa na sangara chooni. Hiyo ameiongeza jamaa yangu. Mashua haikuzama, wala sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa khanga. Khanga ya nani, tutafika.

Kwa wageni wa hapa: mashua ni ile ya futi 27 niliyonunua na huyo huyo jamaa, kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Tanga zuri, vitanda viwili, na choo cha kukaa. Choo chenyewe sasa! Bakuli kama la uji wa mtoto. Mimi nina kilo 112. Nikikaa pale, nusu yangu imefika na nusu bado iko njiani.

Mwaka mzima nilivumilia. Lakini mama mkwe aliposema anakuja kutoka Sengerema na angependa kuzungushwa ziwani, nikaona hapana. Mama ana magoti mabovu, hawezi kushuka mpaka kwenye kile kibakuli. Nikatangaza nyumbani kwamba choo kinabadilishwa kwa heshima ya mgeni. (Mke wangu anasema nilijifikiria mwenyewe. Tumwache.)

Choo cha mashua hakina tangi la maji juu kama la nyumbani. Pembeni kuna pampu ya mkono: inanyonya maji ya ziwa kupitia tundu chini ya mashua, inasuuza bakuli, halafu uchafu unakwenda kwenye tangi. Kwenye tangi jamani, si ziwani. Maji mengi ya bomba Mwanza yanavutwa hapo hapo Capri Point, msije mkaniletea kesi nyingine. Uzuri ni kwamba pampu ileile inakubali bakuli kubwa la saizi ya nyumbani. Unafungua boliti, unatoa dogo, unaweka kubwa. Nikaagiza, likaja, nikafunga mwenyewe. Fundi wa nini?

Bakuli likatokeza mbele, mlango ukagoma kufunga. Nikang'oa mlango, nikatundika khanga. Mfuniko nao ukawa unagonga mpira wa maji uliokuwa umepanda juu ukutani na kushuka tena, umepinda kama shingo ya korongo. Nikaukata, nikaupitisha chini moja kwa moja. Na koki ya kufungia maji ya ziwa ikabaki nyuma ya bakuli, kwenye upenyo ambao mkono wangu haupiti. Nikajiambia, koki nitaifunga lini, kwani choo si cha kutumia?

Wanaojua mashua hapo wameshashika vichwa. Ule mpira haukupindwa kwa urembo. Choo kinakaa karibu usawa wa maji ya nje, na mashua ikilalia upande wake kinakuwa chini ya ziwa kabisa. Ule mpindo, na kivalvu cha kuingiza hewa pale kileleni, ndivyo vinavyoyazuia maji yasijivute yenyewe kuingia ndani. Mimi nilikuwa nimeukata kwa kisu cha jikoni, huku napiga mluzi.

Basi, Jumamosi. Tumetoka vizuri, tumekipita kisiwa cha Saanane, mama mkwe amekaa kule tezini, nyuma ya mashua, na jaketi lake la kuokolea, amefurahi kama mtoto. Jamaa ameshika usukani. Alasiri ule upepo wa ziwani ukaamka, tanga likajaa, mashua ikalala kushoto. Choo kiko kushoto.

Nikasema, ngoja nikijaribu kabla ya mgeni.

Ndugu zangu, nilikaa. Nilikaa nikaenea! Miguu inagusa sakafu, mgongo umepata mahali, kiti kimenipokea kama mwana aliyerudi nyumbani. Nilimaliza shughuli, nikapampu, vizuri kabisa. Hapo mtu mwenye akili anageuza kile kiwiko cha pampu upande wa kavu ili isivute tena maji ya ziwa, anavaa suruali, anatoka. Mimi nilikaa tena. Bila sababu, raha tu. Nikatoa simu nikaanza kusoma matokeo ya mpira.

Dakika ya kwanza, baridi kidogo. Nikajua ni upepo.

Dakika ya pili, baridi yenye uzito. Kuna kitu kinanigusa, polepole, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Nikajisogeza. Kikanifuata.

Nikachungulia kati ya mapaja. Ziwa Victoria lilikuwa limefika.

Halikuja kwa kelele. Lilikuwa linapanda tu, la kijani kidogo, tulivu, kwenye bakuli kubwa nililolilipia mwenyewe. Nikapampu kwa nguvu. Kumbe kiwiko bado kiko upande wa maji, kwa hiyo kila nikipampu naliongezea ziwa mwendo! Maji yakafika ukingoni. Yakasimama pale kama yanaomba ruhusa, halafu yakamwagika upande wa kushoto, upande iliko suruali yangu. Nikaingiza mkono nyuma nitafute koki. Ukakwama kwenye kiwiko cha mkono. Nikajaribu kusimama, lakini mashua imelala, nami nimebanwa ukutani kama gunia la dagaa.

Ndipo nikapaza sauti: "Geuza! Geuza mashua!"

Kisayansi nilikuwa sahihi. Mashua ikigeuzwa ilalie kulia, choo kinapanda juu ya maji na ziwa linakatika. Nilichosahau ni kwamba kila kitu cha kushoto nacho kinakwenda kulia. Nami nilikuwa kitu cha kushoto.

Jamaa hakuuliza. Aligeuza mashua kwa mpigo mmoja, tanga likavuka, nikasikia bakuli limeniachia kwa ile sauti ya mtu anayebusu. Nikapita kwenye khanga. Sikupita pembeni yake, niliibeba, na fimbo yake, nikavuka sakafu yote nikiwa nimeviringishwa, nikatua chini ya ngazi. Maji ya bakuli yakanifuata, kama ndoo nzima.

Nikainua macho. Mama mkwe.

Alikuwa ameshuka kuja kuona mkwe wake anaitia nini. Kwa malezi niliyokulia, mama mkwe akija kwa njia hii wewe unapitia ile. Sasa sina njia, sina suruali. Nimevaa khanga aliyompa binti yake mwenyewe, na maandishi yamenikaa sawasawa makalioni: "Mgeni njoo mwenyeji apone".

"Shikamoo mama," nikasema. Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. Sijui kwa nini.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa utulivu ule unaoua. "Maji yanafungwa wapi?"

Nikaonyesha nyuma ya bakuli. Mama yule wa magoti mabovu, ambaye mimi nimevunja mlango na kukata mpira ili asipate taabu ya kuinama, akapiga magoti kwenye maji, akapenyeza mkono wake mwembamba mahali wangu ulipogoma, akafunga koki. Mara moja tu. Akainuka, akajifuta, akapanda juu kuendelea kuangalia mandhari. Kule juu jamaa alikuwa anacheka mpaka usukani unayumba.

Yaliyobaki ni mafupi. Tulichota ndoo sita, tukarudi kimya. Suruali ilikauka mlingotini mbele ya watu wote waliokuwa ufukweni. Simu imekufa. Kufika usiku kila rafiki niliye naye tangu Kirumba mpaka Igoma alikuwa na habari, na huko njiani ndiko sangara alikopanda.

Kibakuli cha uji kimerudi mahali pake, mpira mpya umepinda juu kama zamani, na safari hii fundi amelipwa. Lile kubwa lipo uani, kuku mmoja ameanza kulizoea.

Jana mama mkwe amepiga simu kutoka Sengerema. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikamuuliza magoti. Akasema hayajambo. Akanyamaza kidogo, nikasikia watu wengi nyuma yake nao wamenyamaza.

"Na choo je, baba? Hakijambo?"