Dola 180 kwa kabureta iliyochoka

Jumamosi iliyopita nilipanda teksi mpaka Katuba, komini ya hapa Lubumbashi, kuangalia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini) ya gari la Peugeot 504. Tangazo nililiona kwenye simu: kabureta ya Solex ya orijine, adimu sana, dola 180. Picha moja tu, imepigwa kutoka juu, chuma kinang'aa kama sufuria ya arusi.

Nilipoishika ndipo nilipoelewa kwa nini picha ilikuwa moja. Walikuwa wameiosha kwa petroli, kisha wakaipulizia rangi ya fedha hadi ndani ya matundu ya skurubu. Nikashika ncha ya ule mhimili mdogo unaofungua njia ya hewa, nikautikisa. Ukacheza juu na chini kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mhimili ukishalegea hivyo, hewa inapenya pembeni, injini haitulii gari likiwa limesimama, na fundi atageuza bisibisi mpaka usiku bila kupata mlio uliotulia. Muuzaji alikuwa kijana mwenye heshima. Akaniambia, "Papa, kule Ulaya hii inaenda mia tatu."

Hilo "inaenda" ndilo lililonikosesha usingizi. Bei iliyoandikwa ni ombi la muuzaji. Mtu wa Lyon, Ufaransa, anaweza kuandika 300 na kabureta ikabaki kabatini kwake miaka mitatu. Huku kwetu Lubumbashi mtu anaisoma ile namba, anaiita bei ya soko, na kumdai nayo mwalimu anayelitumia gari lake kila asubuhi. Tangazo la Katuba lenyewe lipo tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Wanunuzi wamekwisha kulijibu kwa kulipita.

Na huo uadimu uko wapi? 504 ilitoka mwaka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Ziliunganishwa Nigeria, kule Kaduna, na Kenya pia (nchi, si komini yetu ya jina hilo), miaka mingi baada ya Ufaransa kuiacha. Bara letu limejaa vyuma vyake.

Vipo vitu adimu kweli, na hapo sibishi. Pampu ya petroli ya Kugelfischer ya zile 504 zinazotumia sindano badala ya kabureta, ikiwa nzima, mwenye nayo aombe anachotaka. Vivyo hivyo mapambo ya kupé, ile 504 ya milango miwili iliyoundwa na Pininfarina wa Italia. Najua pia kwamba kufungua gari zima, kuhifadhi vipande na kuvilinda visiibwe ni kazi, na kazi hulipwa. Lakini kioo cha taa kilichopasuka, au radieta iliyozibwa kwa risasi ya kulehemu mara nne, hakipandi thamani kwa sababu kina umri wa babu.

Kinachoniuma zaidi ni mwisho wa mambo haya. Gari linakosa kabureta, mwenyewe hana dola 180, linasimama chini ya mwembe. Matairi yanaisha upepo, kuku wanataga ndani. Baada ya misimu miwili ya mvua anakuja mtu wa vyuma chakavu, analipima kwa kilo. Nimeona 504 mbili zikienda hivyo katika mtaa wangu, moja ikiwa na milango isiyo na kutu hata kidogo.

Mimi kabureta ya gari langu, iliyolegea vivyo hivyo, nilimpelekea mzee mmoja wa komini ya Kamalondo aliyejifunza kukereza vyuma katika karakana za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kule Panda, Likasi. Alitoboa ile nyumba ya mhimili, akakereza vipete viwili vya shaba nyeusi visivyozidi ukucha wa kidole kidogo, akavigonga taratibu kwa nyundo ya mbao. Tuko katika mji uliojengwa kwa shaba. Ufundi huo bado upo, na wazee wenye nao wanakaa bila kazi. Nilimlipa dola 25. Injini sasa inatulia hata nikiwa nimesimama pale ronpwa (mzunguko wa barabara).

Kwa hiyo ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Piga picha pande zote, kabla ya rangi. Andika mhimili unacheza kiasi gani, skurubu ipi imelika, kitu kimetoka kwenye gari la mwaka gani. Halafu taja bei, tuongee.

Nimeanza na mimi. Nilikuwa na alternata ya akiba (kifaa kinachochaji betri), nikaitangaza kwa dola 30, nikaandika wazi kwamba beringi ya nyuma inalia na brashi zimebaki nusu. Kijana wa Kipushi alinipigia siku hiyohiyo, akaja na beringi mpya mfukoni.