Si Kila Kimya cha Watunza Mradi ni Dharau

Vijana wa Lamu wanaoandika programu wana lalamiko moja juu ya miradi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza mabadiliko: unatuma rekebisho, wiki tatu hujibiwi, kisha ombi lako la kutaka liingizwe linafungwa kwa sentensi moja. Wengine wameshakata shauri kwamba wenye miradi hiyo hawawataki watu wa huku kwetu.

Lalamiko hilo lina haki yake. Maelekezo karibu yote ni ya Kiingereza. Kushusha mradi mkubwa pamoja na historia yake yote humaliza bando kabla mtu hajaandika mstari mmoja, na si wengi wanaoambiwa kwamba amri `git clone --depth 1` ya git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, huleta hali ya sasa tu. Kibaya zaidi ni roboti. Miradi mingi kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya namna hii, hutumia kifaa ambacho, kisipobadilishwa mpangilio, hulitia alama ombi lililokaa siku 60 bila neno, na siku 7 baadaye hulifunga. Mtu aliyengoja kwa adabu akafungiwa na mashine ana sababu ya kununa.

Hata hivyo, hesabu ya upande wa pili ni watu wachache wanaoipiga. Mpelekee fundi wa jahazi wa Matondoni ubao wa bure. Ataukagua kama una ufa, ataukata, ataupigilia na kuukalafati, na siku jahazi likivuja baharini anayeulizwa ni yeye. Aliyeleta ubao hayupo. Msimbo wa bure una gharama hiyo hiyo, na wengi wanaoilipa hufanya hivyo usiku, baada ya kazi inayowapa mshahara.

Chukua kichochoro cha mtaa wa Mkomani hapa Lamu kisichoonekana kwenye programu za ramani za OsmAnd au Organic Maps. Ukiwaandikia watunza programu kuwa ina hitilafu, watafunga ombi lako, na watakuwa sawa: programu hizo husoma data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na kichochoro hakimo humo. Dawa ni kukichora huko kama njia ya miguu, kisha kungoja programu itoe ramani mpya. Lakini tuseme kosa ni la msimbo kweli, programu inamzungusha mwenda kwa miguu hadi ufukoni badala ya kumpitisha ndani. Hesabu ya njia utakayoibadilisha kwa ajili ya Mkomani ndiyo itakayomwongoza mtu wa Venice na wa Mji Mkongwe Zanzibar. Mistari yako kumi ni jioni nzima ya mtu mwingine.

Tena mara nyingi si kumi. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Kihariri kikizigeuza, rekebisho la mistari mitatu hufika likionekana faili zima limeandikwa upya. Hakuna mkaguzi atakayelisoma. Amri `git diff --stat`, inayohesabu mistari iliyobadilika katika kila faili, ingelionyesha kosa hilo papo hapo kabla ya kutuma. Mwaka 2020, Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, ilipokuwa ikitoa fulana kwa maombi manne, miradi ilifurika mabadiliko ya neno moja ndani ya README, faili la maelezo ya mradi, hata waandalizi wakageuza kanuni mwanzoni mwa Oktoba hiyo hiyo: mradi usiojiandikisha wenyewe hauhesabiwi.

Jambo linalostahili kutafakariwa zaidi ni la xz, maktaba ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Lasse Collin aliitunza miaka mingi bila malipo. Mwaka 2022 majina yasiyojulikana yakaanza kumsonga kwa barua: mbona wachelewa, mbona humpi mwingine nafasi? Mwingine huyo alikuwa tayari, akijiita Jia Tan, mchapakazi, mwenye subira na adabu. Akapewa funguo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka na mlango wa siri wa kumwingiza mwenye ufunguo kwenye kompyuta za watu kupitia ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa kushuku kuingia kwa ssh kulikochelewa kama nusu sekunde, akautangaza tarehe 29 Machi 2024.

Tazama silaha iliyotumika. Kabla ya ujanja wa msimbo kulikuwa na lalamiko la kucheleweshwa, lile lile tunalolitoa sisi kwa nia safi. Mtunza mradi aliyesoma habari hiyo hawezi tena kuisikia sauti ya haraka kama zamani. Hapo haifuati kwamba kila mkawiaji ni mlinzi. Wavivu wapo, na wapo wanaomjibu rafiki siku hiyo hiyo na mgeni wakamsahau. Ila mgeni anayedai kuaminiwa kwa badiliko lake la kwanza anadai kitu kilichokwisha kuwagharimu watunza mradi.

Kwa hiyo kabla ya kununa, angalia mambo ambayo mwenyewe unayaweza. Soma faili la CONTRIBUTING, lenye kanuni za kuchangia mradi. Eleza tatizo na upate kauli ya mradi kabla ya kuandika msimbo. Ombi moja, badiliko moja, pamoja na jaribio lake. Mradi ukitaka saini ya `git commit -s`, kama kiini cha Linux kinavyotaka, itie. Zikipita wiki mbili, kumbusha mara moja. Na kabla ya yote, tazama maombi yaliyokubaliwa karibuni: mradi ambao mwaka mzima haujapokea kitu kutoka kwa mtu wa nje, uache, hata kama programu yake unaipenda.