Tusiitupe peptidi zuizi

Mwaka 2016 jopo la kimataifa lilitaja njia tano za kuhakiki kingamwili za maabara, zile zinazoshika protini fulani kwenye tishu ili tuione kwa rangi, na peptidi zuizi haikuwemo. Tangu hapo aliyeitumia huchekwa. Wanaocheka wana hoja, lakini sidhani kama wamewahi kukaa na slaidi ya kondo la nyuma kutoka kwa mama wa Muheza aliyeugua malaria.

Peptidi zuizi ni kipande kifupi cha protini kilichoundwa kiwandani, aghalabu amino asidi kumi hadi ishirini, sawa na kile alichochanjwa mnyama ili atoe kingamwili. Tuseme unatafuta ICAM-1, protini inayonatisha seli, ambayo hupanda mwili unapopambana na maambukizi. Kabla ya kupaka kingamwili kwenye tishu, unaichanganya na peptidi tele. Mvuvi angesema umemlisha changu akashiba kabla ya kumtupia ndoano. Rangi ikitoweka, unafurahi kwamba kingamwili ilikuwa ikishika ICAM-1.

Unafurahi mapema, wanasema wapinzani, na ni kweli. Changu aliyeshiba hakatai chambo chako tu, anakataa na cha jirani. Kingamwili iliyokuwa ikishika protini nyingine yenye umbo la kufanana, nayo pia itanyamaza. Mwaka 2017 kingamwili 13 za kipokezi kimoja cha estrojeni (protini inayodaka homoni hiyo) zilipopimwa kwa ukali, ni moja tu iliyofaa. Kwa hiyo wanataka seli zilizoondolewa jeni ya protini yenyewe: kingamwili ikizipaka rangi hata hizo, imeshika kitu kingine. Sina ubishi.

Lakini je, rangi isipotoweka? Hapa ndipo peptidi inapolipa. Kondo lenye malaria limejaa makrofaji, seli za kinga zinazomeza vimelea na masazo, na makrofaji wana vipokezi vinavyodaka kingamwili kwa mkia wake. Samaki aliyenaswa mkia wavuni, hata ashibe vipi, hachomoki. Zaidi ya hapo kuna hemozoini, masazo ya kahawia ya vimelea, na rangi tunayoitumia sana maabara nayo ni ya kahawia! (Slaidi isiyopakwa kitu itakufichulia hemozoini, makrofaji haitakufichulia.) Wala huwezi kuwapuuza makrofaji kwa kukisia, maana wao wenyewe hubeba ICAM-1 ya kweli. Peptidi ndiyo itakayokuambia: ukahawia uliobaki baada ya kuizuia kingamwili ipasavyo, usiuhesabu.

Seli zilizoondolewa jeni zimekuzwa kwenye sahani safi, hazina hemozoini wala umati wa makrofaji. Zinajibu swali lao vizuri, ila hili hazikuulizwa. Na zinadai mtungi wa naitrojeni wa kuzihifadhi na umeme usiokatika, ilhali peptidi ni unga mkavu unaokaa kwenye friza.

Ina mipaka yake. Kingamwili iliyozaliwa kwa protini nzima iliyojikunja mara nyingi haizuiliki kwa kipande kifupi, hivyo usinunue kabla ya kuuliza mnyama alichanjwa nini. Na ukiandika matokeo, andika "rangi ilizuiliwa na peptidi". Usiandike "kingamwili imethibitishwa".